Nataka kusomea ndoto na usingizi chuo kikuu: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 23, niko mwaka wa pili, nasomea ualimu na saikolojia hapa Dar es Salaam. Nimelelewa Tanga na bibi yangu, ambaye majirani walikuwa wakimjia alfajiri kumsimulia ndoto zao awaagulie. Tangu utotoni natamani kujua usingizi ni nini na ndoto zinatoka wapi. Nimetafuta chuo chenye shahada ya ndoto, sijakiona. Wenzangu wananicheka, na mjomba anayenilipia ada ananiuliza nitakuja kula nini. Je, jambo hili linasomewa? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Linasomewa, na wapo waliolisomea mpaka uzamivu na kuliishi maisha yao yote. Hukuliona kwa sababu umelitafuta kwa jina ambalo vyuo havilitumii. Ndoto haina idara yake. Imegawanywa kama ng'ombe wa shughuli: paja liko kwa madaktari wa ubongo, mbavu kwa wanasaikolojia, kichwa kwa wanaanthropolojia, na wasomi wa dini na fasihi nao wana fungu lao. Anayetaka kumwona ng'ombe mzima lazima kwanza aingie kwa mlango wa mmoja wa hao.

Hata walioanzisha elimu hii waliingia hivyo hivyo. Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa mwanafiziolojia. Mwaka 1938 yeye na mwanafunzi wake walikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth huko Kentucky, wakijaribu kuishi siku yenye saa 28 badala ya 24, ili wajue kama mwili unafuata jua au una saa yake wenyewe. Baadaye akaja kwake mwanafunzi mwingine, Eugene Aserinsky, mwenye familia na asiye na fedha. Alikuta mashine kuukuu ya kupima umeme wa ubongo, akaifufua, akambandika waya mwanawe mdogo, Armond, akakesha akimtazama. Kalamu za mashine zilipoanza kurukaruka usiku wa manane alidhani mtoto ameamka. Alipochungulia akamkuta amelala fofofo, macho yakienda mbio chini ya kope. Makala yao ilitoka mwaka 1953, na huo ndio usingizi tunaouita REM, herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya macho kwenda mbio.

Kisha akaja William Dement, aliyekuwa akisomea udaktari. Yeye na Kleitman wakawa wanawaamsha watu makusudi. Mwaka 1957 waliripoti kwamba katika mara 191 walizomwamsha mtu akiwa kwenye REM, mara 152 aliweza kusimulia ndoto. Katika mara 160 walizomwamsha akiwa kwenye usingizi wa aina nyingine, ni mara 11 tu. Angalia mbinu ilivyo rahisi: kuamsha, kuuliza, kuandika, kuhesabu. Wengine wakaja kuonyesha kwamba ukibadilisha swali kidogo, ukauliza "ulikuwa unawaza nini?" badala ya "ulikuwa unaota?", hata nje ya REM watu wana mengi ya kusema. Kumbuka hilo, maana nitalirudia: katika elimu ya ndoto, namna unavyouliza ni sehemu ya kipimo.

Nimeianza historia hii kwa sababu ina jambo la kukuamulia njia. Kwa miaka mingi watu walidhani REM na ndoto ni kitu kimoja, basi ukiujua usingizi umeijua na ndoto. Mark Solms, anayefundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, aliwachunguza mamia ya wagonjwa walioumia ubongo, na katika kitabu chake cha mwaka 1997 akaonyesha kwamba mtu anaweza kuacha kabisa kuota ilhali REM yake ipo palepale. Majeraha yanayoua ndoto yako mahali pengine, si kwenye shina la ubongo linalowasha REM. Kwa hiyo usingizi na ndoto ni majirani wenye ukuta mmoja, lakini ni nyumba mbili. Chuoni pia ni njia mbili, na kila moja ina gharama zake na riziki yake.

Nikisoma barua yako naona kwamba unaipenda ndoto. Ushauri wangu ni huu: jifunze usingizi uwe mkate wako, na ndoto iwe utafiti wako. Usiache chochote kati ya hivyo viwili.

Nianze na mkate, ili mjomba apate jibu. Kwa shahada uliyo nayo, mlango wa udaktari uko mbali, na si lazima uuendee. Kuna kazi ya usingizi inayomfaa mwanasaikolojia moja kwa moja, nayo ni kuwatibu watu wanaokosa usingizi bila kuwapa dawa. Mgonjwa anafundishwa kupunguza saa za kukaa kitandani, kuamka saa ileile kila siku, kutoka kitandani usingizi unapogoma, na kuzitazama upya fikra zinazomkesha. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri tiba hii iwe ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kabla ya vidonge. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ukasema vivyo hivyo. Hapa kwetu mtu asiyelala hupewa kidonge, au huambiwa apunguze mawazo. Mwanasaikolojia anayeijua tiba hii vizuri hatakosa wa kumtibu. Uzamili wa saikolojia tiba unafundishwa Muhimbili, na Nairobi pia kuna vyuo vinavyoufundisha. Soma masharti ya kujiunga sasa hivi ukiwa mwaka wa pili, usingoje kumaliza, kwa sababu alama na masomo ya hiari unayochagua leo ndiyo yatakayokufungulia.

Ukitaka maabara zenyewe, Afrika Kusini ndiko karibu. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kina watafiti wa usingizi wa siku nyingi, na Cape Town pia. Kutoka Witwatersrand, Paul Manger na wenzake waliwafungia vipima mwendo ndovu jike wawili wa mwituni kule Chobe, Botswana, kwa siku 35, wakakuta wanalala wastani wa saa 2 tu kwa siku, na siku nyingine wanapitisha hata saa 46 bila kulala. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Nautaja ili uone kwamba hata anayesomea wanyama ameingia. Oxford wana uzamili wa tiba ya usingizi unaosomwa kwa masafa, kwa hiyo mtu anaweza kuufanya akiwa kazini, ila ada yake si ya mchezo. Kwa ufadhili, fuatilia skolashipu za Jumuiya ya Madola, za DAAD ya Ujerumani, na zile za Mastercard Foundation kwa wanaokwenda Cape Town. Kila moja ina msimu wake wa maombi. Ukiukosa umekosa mwaka mzima.

Nikwambie pia jambo ambalo vitabu havitakwambia. Nilipokuwa nasoma uzamili ughaibuni, usiku wangu wa kwanza maabara nilipewa kazi ya kumbandika elektrodi mwanafunzi mwenzangu, Mwafrika kama mimi, aliyekuwa amesuka. Mwongozo ulieleza jinsi ya kupima kichwa toka juu ya pua hadi kisogoni na jinsi ya kutenga nywele. Haukusema neno lolote kuhusu kichwa kilichosukwa. Tulihangaika zaidi ya saa moja, mwishowe tukafumua misuko mitano, na yeye akaniambia kwa upole kwamba angejua asingekuja. Fikiria ni watu wangapi kama yeye hawakuja. Takwimu za usingizi tunazozisoma zimejengwa na waliokuwa rahisi kubandikwa waya. Kipimo kamili cha usingizi huandika mawimbi ya ubongo, macho, misuli ya kidevu, moyo, pumzi na kiwango cha oksijeni kwa usiku mzima. Ni kazi ya mikono, inafundishika, na inahitaji watu wanaojua vichwa vyetu na aibu zetu. Mama mtu mzima hatavua mtandio wake alale mbele ya kamera kwa sababu tu fomu inasema hivyo.

Sasa ndoto. Hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi.

Elimu ya ndoto haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji masimulizi mengi, yaliyokusanywa kwa uangalifu, na njia ya kuyahesabu ambayo mtu mwingine akiirudia atapata jibu lilelile. Calvin Hall na Robert Van de Castle walitoa njia hiyo mwaka 1966 kutokana na ndoto 1,000 za wanafunzi wa chuo nchini Marekani, nusu za wanaume na nusu za wanawake. Wanahesabu nani yumo ndotoni, anamfanyia nani nini, kwa wema au kwa ugomvi, nani ameanza, mkosi gani umetokea, hisia gani imetajwa. Haiulizi ndoto ina maana gani, na ndiyo sababu imedumu. G. William Domhoff wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na mwenzake Adam Schneider wameweka hazina ya ndoto zaidi ya 20,000 kwenye intaneti, DreamBank, ambamo yeyote anaweza kutafuta bure. Nyingi ni za Kiingereza, nyingine za Kijerumani. Ingia leo usiku, tafuta neno "mother", uone mama anaotwaje na watu wa huko.

Halafu jiulize kuhusu ndoto za kwetu, na lugha zinamosimuliwa. Mzungumzaji wa Kiingereza husema aliota kwamba alimwona baba yake marehemu: mwenye kutenda ni yeye muotaji. Sisi tunasema "marehemu baba kanijia usingizini." Aliyekuja ni baba, mimi nimefikiwa. Mtu akitafsiri sentensi hiyo kwa Kiingereza chepesi, kisha akahesabu nani ameanza, amembadilisha mwenye kuanza kabla hata hajafika kwenye jedwali. Tuna kuota, tuna njozi, tuna kuweweseka, tuna mang'amung'amu ya mtu asiyelala wala kuwa macho, na haya si majina manne ya kitu kimoja. Kijana wa Tanga anayeyajua kwa sikio tangu utoto ana kifaa ambacho maabara ya Montreal au Swansea, pamoja na sifa zake zote katika fani hii, haiwezi kukinunua.

Chukua jinamizi. Mtu anaamka usiku, anaona chumba chake kama kilivyo, hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele, na kifuani kuna kitu kimemkalia. Fiziolojia inaeleza nusu ya jambo hili: wakati wa REM misuli mikubwa ya mwili hulegezwa ili tusiitende ndoto kwa miguu, na mara nyingine akili huamka kabla ya ulegevu huo kuondoka. Nusu ya pili haimo kwenye misuli. Kwa nini kwa mmoja ni jini, kwa mwingine ni mchawi wa jirani, na kwa mwingine ni uchovu tu? Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, watu wakalala nje makundi kwa makundi kwa kuogopa kuvamiwa vitandani. Wapo walioandika kwamba jinamizi lilikuwa na nafasi yake humo. Wengine wakatazama siasa za wakati ule. Hii ni mada ya uzamili iliyo mlangoni pako. Lakini watu waliumia katika hofu ile, hata mtu kuuawa, kwa hiyo haiendewi kama hadithi ya kuchekesha.

Na kama unadhani watafiti hawajagundua thamani ya huku kwetu, wako Tanzania zamani. Karibu na Ziwa Eyasi, kikundi kilichoongozwa na David Samson kiliwavalisha Wahadzabe 33 vipima mwendo vya mkononi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo watu wazima wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu daima kulikuwa na aliye macho au aliyesinzia kidogo, kama zamu ya ulinzi ambayo hakuna aliyeipanga, kwa sababu wazee na vijana hawalali saa zilezile. Makala hiyo ni ya mwaka 2017, na mmoja wa waandishi wake ni Profesa Audax Mabulla, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akiolojia, mwanangu! Mwaka 2023 Samson na wenzake wakatoa utafiti wa ndoto za Wahadzabe na za Wabayaka wa Kongo, wakazilinganisha na za watu wa nchi za Magharibi. Waliona kwamba ndoto za jamii hizi mbili zina hatari nyingi, lakini mara nyingi huishia kwa kupata msaada wa watu. Soma makala zote mbili kabla hujasoma kitabu kingine chochote.

Mlango wa dini nao usiupite haraka. Al-Kindi aliandika risala juu ya usingizi na ndoto katika karne ya 9. Jina la Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 728, liko kwenye vitabu vya tafsiri ya ndoto mpaka leo, ingawa vingi vya hivyo vilikusanywa na wengine baada yake. Hadithi za Mtume zinagawa ndoto mafungu matatu: inayotoka kwa Mungu, inayotoka kwa shetani, na ile ambayo ni mtu na nafsi yake. Mtafiti asiyeujua mgawanyo huo atamuuliza mzee wa Tanga "umeota nini?" na mzee atamchagulia cha kumwambia, kwa sababu ndoto mbaya haisimuliwi ovyo. Ukiwa na Kiarabu, hata cha madrasa, kifufue.

Kwa hiyo anza na kilicho mkononi, yaani utafiti wa mwaka wako wa tatu. Tafuta wanafunzi wenzako 30 walio tayari. Kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kushika mazungumzo ya simu, kila mmoja ajirekodi kwa sauti, kwa lugha anayoamkia, akisema alichokiota, au aseme hakumbuki. Pamoja na hilo ajaze shajara fupi: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, mara ngapi kakatika usingizi. Lipo pia dodoso la Pittsburgh la ubora wa usingizi, la mwaka 1989, lenye maswali 19. Likikufaa, uliza kwanza kama kuna tafsiri iliyokwisha kupimwa, usitafsiri mwenyewe usiku mmoja. Kisha chambua kwa njia ya Hall na Van de Castle, na uandike wazi ni wapi njia hiyo imegoma kwenye Kiswahili. Sehemu hiyo ya kugoma ndiyo itakayosomwa na watu.

Usirekodi hata ndoto moja kabla ya kibali cha maadili. Anza na kamati ya chuo chako; utafiti wa afya ukitoka nje ya ngazi hiyo unapita kwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mgeni anayetoka nje ya nchi hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ndoto ina majina ya watu ambao hawakukupa ruhusa: mume wa jirani, dada aliyefariki, mwalimu. Badilisha majina siku hiyohiyo, na mruhusu mtu kufuta ndoto yake hata baada ya mwezi.

Ukimaliza, utakuwa na kitu cha kumwandikia profesa. Barua ya "napenda sana ndoto, naomba nafasi" haijibiwi. Barua ya mistari kumi inayosema "nimesoma makala yako ya mwaka fulani, nimekusanya ndoto 200 za Kiswahili, kipengele cha nani-ameanza kinanishinda kwa sababu hii" hujibiwa, pengine siku hiyohiyo. Mwandikie mtu mmoja mmoja. Chama cha kimataifa cha watafiti wa ndoto kipo tangu 1983, na majina ya wanaofundisha fani hii utayakuta kwenye jarida la *Dreaming*. Anza na waliotajwa na wenzao mara kwa mara.

Umesema bibi alikuwa akiagua. Kama yuko hai, nenda Tanga likizo hii, na usimwombe akueleze maana za ndoto kwa ujumla. Mwombe akukumbushie ndoto moja aliyosimuliwa, yenye mtu wake na asubuhi yake. Andika upande mmoja ndoto kama alivyoletewa, upande wa pili kile alichomjibu aliyeileta, na upande wa tatu alichojua kuhusu mtu huyo kabla hajafungua mdomo: kama ana mimba, kama ana deni, kama amefiwa. Muulize pia ni ndoto zipi alikataa kuzijibu.